Msiwaachie Wageni Kumfundisha Mtoto Rangi Yake

Mtoto anayekulia Igogo au Kirumba, mitaa ya jiji la Mwanza, anafika miaka kumi akijua yeye ni wa nani kabla hajajua yeye ni wa rangi gani. Anaujua ukoo wa baba, kijiji cha babu huko Magu au Sengerema, na kabila la jirani anayetaniwa kutwa. Wahindi wa maduka ya mjini anawaona, watalii anawaona, na hao ndio wanaotajwa kwa rangi. Yeye ni mtu tu. Hata serikali haimuulizi: sensa ya Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967.

Huku Uingereza tunakolea watoto wetu, sensa imekuwa ikiuliza asili ya mtu tangu 1991, na fomu ya kuandikisha mtoto shule ina visanduku vyake. Mzazi anaruhusiwa kukataa kujibu, lakini wenzake mtoto darasani watamjibia. Ndiyo maana nasema wazazi tuliokulia Mwanza tunachelewa. Sisi suala la rangi tulikutana nalo ukubwani, tukiwa tumeshajijua. Watoto wetu wanakutana nalo chekechea, mikono mitupu.

Na linaanza mapema kuliko tunavyodhani. Mtoto wa miezi mitatu hukazia macho zaidi sura za aina aliyoizoea. Utafiti uliochapishwa 2006 uliwapima watoto wenye asili ya Ethiopia waliokuwa wakilelewa Israeli kati ya weusi na weupe, na hao hawakupendelea upande wowote. Akifika miaka mitatu au minne anaanza kutaja rangi kwa sauti, tena ndani ya basi, na huenda akadhani inaweza kubadilika akikua au akioga sana. Mzazi wa Kisukuma hapo anamfinya na kumwambia nyamaza. Mtoto haelewi kuwa amekosa adabu. Anaelewa kuwa rangi ni jambo la aibu. Mjibu kwa sentensi mbili, palepale: ngozi yako ni ya kahawia kama ya mama, ina melanini nyingi inayosaidia kukukinga na jua. Kisha kagua vitabu na midoli nyumbani. Mdoli mmoja mweusi kati ya kumi weupe unamwambia mtoto kwamba yeye ni wa ziada.

Wengi wamesikia habari za wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark wa Marekani, waliowapa watoto weusi 253 wa miaka mitatu hadi saba midoli ya rangi mbili. Wengi walimpenda mweupe, na kazi yao ikatajwa katika hukumu ya 1954 iliyokataza kutenganisha shule za serikali kwa rangi. Lakini mtu asikwambie kwamba basi kila mtoto mweusi anajichukia. William Cross, aliyepanga hatua za kujitambua kwa Mtu Mweusi mwaka 1971, baadaye alionyesha kwamba mtoto anaweza kupendelea mdoli mweupe na bado akajithamini vizuri. Kuyatenganisha hayo mawili kunasaidia sana: humwombolezi mtoto, unamjenga.

Kati ya miaka saba na kumi anashajua rangi haibanduki, na anasikia wengine wanavyowasema watu wake. Matusi ya shule huuma zaidi umri huu. Akirudi nayo, andika siku hiyohiyo maneno yenyewe kama alivyoyasema, tarehe, mahali, na waliokuwepo. Mwandikie mwalimu wa darasa, uombe jibu kwa maandishi. Ukinyamaziwa, nenda kwa mkuu wa shule, halafu bodi, ukitaja Sheria ya Usawa ya 2010. Tunakoharibu ni kwenda getini kugomba kwa mdomo tu, ikabaki bila kumbukumbu; au kumwambia mtoto "wapuuze, wewe soma". Akikatazwa misuko, Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilitoa mwongozo kuhusu nywele shuleni Oktoba 2022. Uchapishe uende nao.

Ujanani, tukio moja linaweza kumwamsha: kusimamishwa na polisi, au kufuatwa na mlinzi dukani. Cross aliita hatua hiyo makutano, na baada yake kijana huzama: nywele, muziki, marafiki weusi watupu. Wazazi wetu hapo hupiga kelele za uhuni. Mwacheni azame. Mpeni na historia ya ziwa lake, asibaki na ya Chicago peke yake.

Wazazi wenyewe nao wana hatua zao, na wengine wamekwama. Mtu wa miaka arobaini anayesema "mimi si kama hawa weusi wa hapa" anamfundisha mwanawe kudharau nusu ya marafiki zake. Linaniudhi hilo, na nalisikia kila mahali.

Nyumbani Tanzania nako tusikusafishe. Mkorogo unatafutwa ingawa vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na Kanda ya Ziwa ndiko watu wenye ualbino walikowindwa na kuuawa kwa sababu ya ngozi yao. Tena mtoto aliyeitwa mweusi mwaka mzima akitua Mwanza likizo, binamu zake wanamwita mzungu kwa lafudhi yake. Wao wanatania, kijana wa miaka kumi na minne anasikia kwamba hana kwao.

Wiki mbili kabla ya safari, mpigie bibi na mashangazi. Waombe wasimwite mzungu wala wasimsifu kwa ngozi kung'aa. Mfundishe kuwaamkia hao asubuhi kwa Kisukuma, "mwangaluka, mayu" (umeamkaje, mama), na wamtume kama watoto wengine: aende na shangazi Mwaloni, Kirumba, achague dagaa, apatane bei, abebe mfuko mwenyewe hadi kwenye daladala.