Mkunga Aliyehamishiwa Kliniki ya Macho

Dada yangu alijifungua kifungua mimba wake katika hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Sisi tulikuwa tumeshaanza kupiga simu nyumbani kutoa habari njema. Sista wa zamu akafunua shuka, akatazama mara moja tu, akaita wenzake. Ile damu tuliyoidhania ya kawaida ya uzazi haikuwa ya kawaida. Akamkanda tumbo, sindano ikadungwa, dripu ikatundikwa, na dada yuko hai. Miaka miwili baadaye alirudi pale akiwa na mimba ya pili, akamwulizia sista yule. Akaambiwa amehamishiwa kliniki ya macho.

Nalikumbuka jambo hilo kila ninaposikia mjadala wa wakunga bingwa. Hospitali za Uingereza zinao: mkunga wa wajawazito wenye kisukari, wa afya ya akili, wa kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, wa kumhudumia mama aliyefiwa na mtoto. Je, Nairobi nayo iwe nao?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Tangu serikali ilipofuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013, kina mama wamezidi kwenda hospitali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 61 ya watoto wanazaliwa hospitalini au kwenye zahanati; ule wa 2022 ukakuta asilimia 82. Hata hivyo, sensa ya 2019 ilionyesha kina mama 355 wakifa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kufika hospitali peke yake, basi, hakujatosha. Kuvuja damu na kifafa cha mimba, kile kinachoambatana na presha kupanda, havimpi mtu nafasi ya kufungua kitabu, na jicho linalotambua hatari mapema hutokana na kuiona kazi hiyo hiyo mwaka baada ya mwaka.

Lakini mweke mkunga mkuu wa leba wadi mbele ya hoja hiyo usiku wa manane, akiwa na wauguzi wachache na vitanda vimejaa. Ukimtoa mmoja awe bingwa wa presha, waliobaki watagawana wagonjwa wake. Tena bingwa huyo aghalabu hupangiwa kazi ya mchana, na damu haichagui saa. Nimewasikia wauguzi wakiwa na hofu nyingine ambayo naiona ya kweli: wengine watazoea kusema “mwiteni bingwa”, mikono yao ipoteze uzoefu. Kuna pia suala la kuondoka. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wauguzi wetu kwenda kufanya kazi kule. Anayeongeza cheti bila kuongezwa mshahara wala mamlaka, nani atamlaumu akifunga mizigo?

Utafiti ambao pande zote mbili zingeweza kuutumia ni E-MOTIVE, wa kuvuja damu baada ya kujifungua, uliochapishwa mwaka 2023. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Mama akishazaa aliwekewa karatasi ya plastiki yenye mfuko wa alama za vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Ikivuka kiwango, hatua zote zilianza pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu isiendelee kuvuja), dripu, na kumkagua mama. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Anayepinga ubingwa atasema, tazameni, kazi hii ilifanywa na wakunga wa kawaida wa zamu. Ni kweli. Ila hospitali hizo zilikuwa pia na watu walioteuliwa kuisimamia: kuwafundisha wenzao, kuwarudishia matokeo, kuhakikisha dawa na vifaa viko tayari. Mimi naona bingwa tunayemhitaji ni wa namna hiyo. Anabaki wadini, anashika zamu za usiku kama wengine, na mwenzake anaondoka zamu akiwa hodari kuliko alivyoingia.

Kwa mama aliyefiwa na mtoto, sisiti hata kidogo. Yupo mama anayelazwa karibu na wenzake wanaonyonyesha, maziwa yanamtoka, na wageni wa jirani wanampongeza kwa kutojua. Wema wa muuguzi mwenye wagonjwa tele hautoshi hapo, kwa sababu wema unahitaji muda na yeye muda hana. Hapo anahitajika mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake: anayejua namna ya kumwuliza mama kama angependa kumbeba mtoto wake, na anayempigia simu wiki mbili baadaye.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wazee. Methali inamtambua mkunga, ila katika hospitali zetu nyingi anahesabiwa muuguzi tu, na muuguzi huhamishwa wadi yoyote penye pengo. Kabla ya kaunti kubuni vyeo vipya, ingeanza na hili lisilohitaji jengo wala mashine: aliyebobea leba aachwe leba, asiondolewe bila ridhaa yake na bila mrithi aliyefundishwa. Ubingwa wa damu na presha ujengwe juu ya hao. Bila hivyo tutakuwa tukisomesha wakunga kwa ajili ya kliniki za macho.

Dada alijifungua salama mara ya pili. Aliyemhudumia alikuwa binti mpole, mgeni katika wadi ile. Kijitabu cha kliniki cha mimba ya kwanza hakikuwepo. Dada mwenyewe, uchungu umemshika, ndiye aliyemshika mkono akamwambia: “Sista, mara ya kwanza nilivuja damu.”