Afadhali Shaw Angepaisha

Jamani, mimi sina ugomvi na kufungwa. Timu zangu zote zinafungwa, nimeshazoea. Nikisikia imeshinda mojawapo nauliza kwanza refa alikuwa nani. Ugomvi wangu ni na mtu anayepata bao dakika ya pili ya fainali, uwanja wa nyumbani, watu wake wamejaa mpaka kwenye ngazi, halafu anaanza kuomba mpira uishe. Dakika ya pili! Zimebaki themanini na nane na wewe macho yako kwenye saa.

Ni ile fainali ya Ulaya, Uingereza na Italia, Wembley, Julai 11, 2021. Msiniambie ni ya zamani niisahau. Nililipa jero yangu kibanda umiza, nikakaa kwenye benchi lenye misumari inayozifahamu suruali za mtaa mzima, saa nne usiku, na kesho yake Jumatatu kazi.

Bao lenyewe, la Uingereza, lilikuwa tamu. Kane kashuka mpaka katikati, kachukua mpira, kampelekea Trippier kulia. Trippier kanyanyua kichwa, kamwaga krosi ikavuka boksi zima, na kule nguzo ya mbali anatokea nani? Luke Shaw, wa upande wa kushoto! Kaupiga ukidunda tu, wavuni. Yaani beki wa kulia kampa beki wa kushoto, wote wawili wako mbele, Italia hawajui wamkamate yupi. Mtu mwenye akili zake hapo anasema njia tumeiona, turudi palepale. Thubutu! Kidogo kidogo wale wawili wakaitwa nyumbani, wakajipanga na Walker, Stones na Maguire, wakawa watano mstari mmoja. Mbele yao Rice na Phillips. Saba hao, kipa sijamhesabu. Jezi ya Uingereza ina simba watatu kifuani. Usiku ule wote watatu walipangwa beki.

Nina shemeji yangu alinunua sofa. Sofa la maana, lina mito, lina sehemu ya kuwekea glasi. Mpaka leo liko na nailoni ya dukani. Ukienda kwake unakalishwa kwenye mkeka, sofa unalitazama. Mtoto akipita karibu na maandazi, kelele. Mgeni akiegemea bahati mbaya, nailoni inalia na yeye anatoka jikoni mbio. Zamani nyumba ile ilikuwa na viti vya plastiki na vicheko. Sasa ina sofa na walinzi. Kaka yangu mwenyewe analitaja kwa sauti ya chini. Basi, bao la Shaw ndilo sofa la Uingereza. Na ndiyo maana nasema afadhali angepaisha. Kwa sare ya bila bila wangecheza mpira, maana walikuwa wanauweza: Ujerumani walimpiga mbili, Ukraine wakampiga nne kule Roma. Shida ni ukishawapa kitu cha kulinda.

Na dalili tuliziona, tukajifanya vipofu. Nusu fainali na Denmark, Kane kafunga dakika ya 104, la pili. Kilichofuata? Grealish, ambaye mwenyewe aliingia akitokea benchi, akatolewa ili aingie Trippier kuongeza ukuta. Sabu kafanyiwa sabu! Tukacheka kwa sababu tulipita. Sasa rudi nyuma zaidi, Moscow 2018, nusu fainali ya Kombe la Dunia na Croatia. Trippier huyohuyo, faulo safi dakika ya 5, moja bila. Baadaye wakapoa, wakasogea nyuma, Perišić wa Croatia akasawazisha dakika ya 68, Mandžukić akazima taa dakika ya 109. Wembley, Bonucci kasawazisha dakika ya 67. Miaka mitatu ya kujifunza, wameweza kusogeza dakika moja. Kwa kuiwahisha.

Huyo Bonucci, beki wa Italia, ndiye ananiuma zaidi. Alikuwa na miaka 34, mwenzake Chiellini 36. Miaka sabini kamili imesimama pale nyuma ya Italia! Wazee wa namna hiyo dawa yao ni kukimbizwa. Mkimbize Chiellini mara kumi, ya kumi na moja anatafuta mahali pa kushika kiuno. Badala yake wakaachiwa kipindi cha pili chote wanapigiana pasi na kupiga soga. Bonucci akachoka kukaa bure, akapanda mwenyewe. Kona, Verratti kapiga kichwa, kipa wa Uingereza Pickford kagusa, mpira ukagonga mwamba, Bonucci huyu hapa. Ubao moja moja.

Mnataka ushahidi kwamba walikuwa wanakimbizika? Dakika za majeruhi, Saka wa Uingereza alimpita Chiellini mara moja tu. Mzee hakuwa na mbio wala maarifa, akamdaka mtoto wa watu kola mpaka chini, akala njano huku anatabasamu. Mara moja! Sasa fikiria wangemletea hizo mbio tangu saa nne na robo.

Halafu Mancini, kocha wa Italia, naye aliona kitu. Mshambuliaji wake Immobile hakuwa na madhara, akamtoa mapema kipindi cha pili, wakacheza bila namba tisa wa asili. Haya, mabeki wa kati watatu wa Uingereza wanamkaba nani? Hewa. Italia wamebaki na mpira, Verratti na Jorginho wanaupitisha huku na huku, na sisi kibandani tunasubiri mtu mmoja tu asikie kelele zetu.

Najua kuna jamaa atasema kocha wa Uingereza, Southgate, ndiye aliyewafikisha fainali kubwa ya kwanza tangu 1966. Sawa, simnyang'anyi. Na Italia wale walikuwa na mechi zaidi ya thelathini bila kupoteza, si timu ya kuchezea. Lakini Grealish anakaa benchi mpaka dakika za nyongeza kwa sababu gani? Na Rashford na Sancho wanaingizwa dakika ya 120! Hawajagusa mpira wa maana, misuli baridi, nenda kapige penalti ya fainali. Rashford akagonga mwamba, Sancho akadakwa na Donnarumma, kipa wa Italia. Ya mwisho akapewa Saka, miaka 19, naye Donnarumma akaicheza. Italia tatu, Uingereza mbili. Kisha matusi ya kibaguzi yakawaangukia vijana wale watatu, watu waliokuwa wa mwisho kabisa kuulizwa kuhusu mpango ule. Hapo sina utani.

Kibandani nako tulikuwa na mechi yetu. Dakika tisini zilipoisha, mwenye kibanda akasimama mbele ya televisheni: nyongeza ya dakika, nyongeza ya hela, mia mbili kila kichwa. Tukabishana, tukalipa, maana Bonucci kishatufikisha pale. Ilipofika matuta akasimama tena. Mia mbili nyingine. Sasa hapo mifuko ikawa imekauka, watu wanatazamana, mmoja anasema tusikilize redio.

Tulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, shabiki pekee wa Italia ukumbi mzima. Tulimzomea tangu dakika ya pili, tukamhamishia nyuma kabisa karibu na jenereta. Hakujibu neno. Akanyanyuka taratibu, akatoa noti, akasema, "Walipie wanangu wote, waone." Tukampigia makofi! Tukamletea kiti cha mbele. Kuna aliyemfuta vumbi begani.

Saka alipokosa, mzee hakushangilia. Alivaa kofia yake, akaenda moja kwa moja mlangoni, akasimama katikati, mkono kaunyoosha. "Mia mbili mia mbili, wanangu. Mlango ni mmoja."