Mtulinga umevunjika na bega ni la bandia: apasuliwe ao afungwe?

Hapa Goma mtu akianguka na pikipiki, bega likagonga mawe ya volkeno, mara mingi ni mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, njo unavunjika, na dawa yake tunaijua: radio (picha ya mifupa), esharpi (kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni), wiki kama sita, unarudi kazini. Lakini shangazi yetu wa Katindo alishawekewa bega la bandia India, sasa ameanguka, mtulinga wa upande huohuo umevunjika, na familia imegawanyika, hawa wanataka apasuliwe awekewe plaki (chuma kinachoshikilia mfupa kwa skrubu), wale wanasema asiguswe kabisa.

Wa plaki wanaleta utafiti wa Kanada wa 2007, mitulinga ambayo vipande vimeachana kabisa: waliopasuliwa 62, wawili hawakuunga, waliofungwa esharpi tu 49, saba hawakuunga. Tofauti kubwa kweli, ila wale walikuwa watu wa miaka 16 mpaka 60, na shangazi ana 71, mifupa imelegea, skrubu inaweza kung'oka, kwa hiyo hesabu hiyo siibebi yote mpaka kwake.

Kinachonisumbua zaidi ni aina ya bega lenyewe. Ni ile protezi (kiungo cha bandia) ya kugeuzwa, ya Mfaransa Grammont tangu 1985, tufe liko upande wa ubapa wa bega na kikombe upande wa mkono, na kazi ya kuinua mkono karibu yote inabaki kwa ule mnofu mkubwa unaofunika bega, ambao mbele umeshikilia mtulinga huohuo! Mfupa ukipanda juu ya mwenzake ukafupika, bega linaingia ndani, mnofu unalegea, hata protezi inaweza kuchomoka. Ndiyo maana kusema "mzee afungwe tu" mimi naona ni haraka.

Ila woga wa wale wengine nao una msingi. Ngozi juu ya mtulinga ni nyembamba, na kwenye mabega kunaishi mdudu anaitwa Cutibacterium acnes, anakua polepole sana, unafikiri kidonda kimepona kumbe miezi inapita ndipo maambukizi yanaonekana, na akifika kwenye protezi inaweza kulazimika kuitoa yote.

Mimi niko hivi: vipande vikiwa bado vimelingana, esharpi na radio ya kurudia. Vikiwa vimepandana, apasuliwe, lakini na daktari anayezijua protezi. Jana nilimwambia binti yake asikubali tarehe yoyote mpaka wapige radio ya bega zima, waone kama protezi bado imeshika, na atafute ile karatasi ya India yenye aina na saizi yake.