Utepe Mia Tano

Nianze kwa kusema mimi sikuuza utepe hata mmoja. Nimeshamuapia mwenyekiti, nimemuapia mama watoto, na hapa naapa tena, maana Tanga neno likishaingia barazani kulitoa ni kazi.

Ilikuwa hivi. Vijana wa mtaani kwetu Ngamiani walichangishana wakaandaa mbio, sio zile kubwa za wadhamini na fulana za bure, hapana, mbio tu za mtaa, mnaanzia nje ya uwanja wa mpira wa Mkwakwani mnakatiza mjini mnashika njia ya Bombo mpaka Raskazone, mnageuka mnarudi. Wa kwanza baiskeli mpya, wa pili beberu, wa tatu mchele kilo 25. Sasa baiskeli kwa mtu wa Tanga sio zawadi ya kuchezea, kwa baiskeli mpya mtu anaweza kusahau hata dini.

Usiku wake tuko kijiweni tunakunywa kahawa, mmoja akauliza, hivi mtu akikata njia tutamjuaje? Akiishia Bombo akajificha nyuma ya gari akarudi na wenzie nani atamuona? Wote kimya. Mimi nikaweka kikombe chini nikawaambia jamani mbona hii fani ya zamani sana. Mwaka 1904 Olimpiki ya St. Louis kule Marekani, jamaa anaitwa Fred Lorz misuli ilimbana njiani, akapanda gari akatembezwa maili kama 11 huku anapungia watu mkono, gari likaharibika, akashuka akamalizia kwa miguu yake akafika wa kwanza kabisa, karibu apewe zawadi ndo mambo yakabumburuka, akasema ah mie nilikuwa natania tu.

Watu wakacheka, nikaona wananisikiliza, nikaongeza. Nikawapa ya Rosie Ruiz, marathon ya Boston kule Marekani 1980, katokea kwenye watazamaji karibu na mwisho, akamaliza kwa saa 2 dakika 31 na sekunde 56, kavishwa taji na nini, watu wanamuangalia mbona huyu dada jasho halimtoki? Wanamuuliza mambo ya mazoezi ya kawaida kabisa ya wakimbiaji haelewi wanaongea nini. Siku kadhaa mbele wakamnyang'anya, ushindi akapewa Jacqueline Gareau wa Canada ambae ndo aliyekimbia kweli. Nikawapa na ya Afrika Kusini, mbio za Comrades 1999, zile za karibu kilomita 90, ndugu wawili wa tumbo moja wanafanana, mmoja anakimbia anaingia chooni, wanabadilishana nguo, anatoka mwingine hana hata uchovu. Walivyokamatwa sasa, picha za njiani zinaonyesha saa iko mkono huu, mbele kidogo saa imehamia mkono ule.

Mzee mmoja pale akauliza, "Na wetu je?" Nikamwambia wetu hawana hayo mzee wangu, John Stephen Akhwari Olimpiki ya Mexico 1968 alianguka akaumia goti na bado akaja kumaliza wa mwisho giza limeingia, na Juma Ikangaa Boston kawa wa pili mwaka 1988, wa pili 1989, wa pili 1990, sasa huyo angekuwa mtu wa vichochoro si angeshaibeba hata moja? Mzee akasema kweli bwana.

Mwenyekiti alikuwa ananiangalia tu. Akasema, "Basi wewe mgosi unaejua wizi wote huu, kesho utakaa kwenye mgeuko."

Huko kwa wenzetu mtu anafungwa kichipu kwenye kiatu au nyuma ya namba, akikanyaga mkeka mashine inamsoma, mkeka mmoja usipomsoma anajulikana, Mexico City 2023 watu kama 11,000 walifutiwa matokeo kwa mtindo huo. Sisi chipu tutoe wapi, tukakubaliana utepe. Ukifika Raskazone napewa jukumu nakukabidhi utepe mwekundu, ukirudi Mkwakwani bila utepe umekata njia, mchezo umeisha. Rangi nilichagua mimi, nyekundu, kwa mapenzi ya Coastal Union, timu yetu ya mpira hapa Tanga.

Asubuhi nikawahi na kiti changu cha plastiki, nikakaa chini ya mti pembeni ya mama mmoja anaekaanga mihogo. Upepo wa baharini mzuri. Mihogo ya moto na pilipili ya ndimu. Kwa kweli mpaka hapo mimi sijaona kazi rahisi namna ile.

Wakatokea wa kwanza. Yule wa mbele kabisa kijana mwembamba anauza samaki kwa baiskeli ya kuazima, namfahamu kwa sura, alivyonifikia utepe umegoma kutoka mfukoni akaniambia "Fanya haraka we mzee unanichelewesha!" na tusi moja ambalo siliandiki hapa. Nikampa. Wa pili nikampa, wa tatu, halafu ndo likaja kundi, na nyie hamjui kundi la watu wanaohema linavyokuja, sioni sura naona viganja tu, natia utepe, natia utepe, kama naegawa sadaka siku ya Ijumaa. Kumbe katikati ya vile viganja kuna viganja vidogo. Watoto wa pale wameona watu wanakimbia wanapewa kitu kizuri chekundu, nao wakaenda nyuma kidogo wakawa wanakuja mbio wananyoosha mkono, wanazunguka mti wanarudi tena. Mtu anaekuja mbio amenyoosha mkono mimi nitamuuliza cheti cha kuzaliwa?

Utepe ukaisha. Naangalia barabarani naona nusu ya watu bado wanakuja.

Nikataka kupiga simu, simu imezima. Mama wa mihogo akaniambia, "Kaka si uwachore tu," akanisogezea kipande cha mkaa kutoka chini ya jiko lake. Nikaona akili hiyo. Kila anaefika namchora X ya mkaa kwenye mkono, aende. Ustaadh mmoja akagoma, hii mbona kama msalaba, nikamchorea duara, na wa nyuma yake nae akataka duara, basi ikawa kila mtu anachagua. Kitu ambacho wala mimi wala mama hatukukiwaza ni jasho. Mtu wa Tanga akikimbia saa tatu asubuhi jasho linalomtoka unaweza kufulia, anajifuta mkono, anajifuta uso, anajifuta shingo.

Kwahiyo kule Mkwakwani, kwa jinsi nilivyosimuliwa, walianza kufika wachache wenye utepe, halafu likaingia jeshi la watu weusi tii usoni, hawana utepe, hawana alama yoyote inayosomeka, wote wanapiga kelele "Katupaka mkaa! Yule mzee katupaka mkaa!" Mwenyekiti akajua nimechanganyikiwa.

Katikati ya hilo vurugu ikaingia bajaji imejaa watoto, kila mmoja na utepe wake, wanadai mchele. Kuna mmoja ana miaka kama tisa hivi, tepe zimempanda mpaka kwenye kiwiko.

Halafu akatokea kaka mmoja mtanashati anakimbia taratibu, shati kavu, ananukia, utepe umefungwa kifundo kizuri cha zawadi, akadai nafasi ya pili na kwenda moja kwa moja kusimama karibu na beberu.

Mimi nikafika na bodaboda, mikono myeusi, mdomo una mafuta ya mihogo. Hata sijashuka vizuri wakanizunguka. Mwenyekiti, na hili ndo liliniuma, akanihoji kwa masomo yangu mwenyewe ya usiku: "Wa kwanza alikuwa nani? Saa alivaa mkono gani? Mbona wewe jasho halikutoki?" Nikamjibu mimi nilikuwa nimekaa, jasho linitoke la nini! Mtu nyuma akasema kauza tepe huyo, sikieni harufu ya mihogo, hela katoa wapi. Jamani mihogo!

Aliyeniokoa ni yule mtoto wa kiwiko. Alimuona mtanashati akaenda kumvuta shati mbele ya watu wote, "Mjomba, mia tano yangu bado." Kumbe watoto walishafungua biashara karibu na Bombo, utepe mmoja mia tano, na mtanashati alichukua kwa mkopo. Mwenyekiti hakugomba, alimuomba tu azunguke uwanja mara moja tumuone. Hata kona ya kwanza hakuimaliza, kashika kiuno kakaa chini anaomba maji.

Wa kwanza nae ikawa kesi, muuza samaki utepe wake ulidondoka njiani. Nikasimama nikasema huyu alipita kwangu, nathibitisha. Unathibitishaje? Nikalirudia lile tusi neno kwa neno, kijana akainamisha kichwa kwa aibu, na wazee wakasema tusi kama hilo mtu hawezi kulitunga, apewe baiskeli yake.

Beberu alishakula kamba muda huo, tulimkuta kesho yake Chumbageni.

Juzi kati kamati imenituma tena ninunue utepe wa mbio zijazo, eti nirekebishe jina langu. Kabla sijatoka nikasikia hodi mlangoni, ni yule mtoto, kaleta fungu lote limefuliwa na kukunjwa vizuri. Nikamwambia mwanangu hizi si zangu hizi? Akasema ndiyo shikamoo, mia mbili moja, ila ukichukua zote nakuachia mia na hamsini. Tumeachana kwenye mia, na kanidai na nauli ya kuja.