Little Walter alikosea kuhama bendi ya Muddy Waters?

Mei 1952 bendi ya Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues, iliingia studio mjini Chicago. Moja ya vibao walivyorekodi ni "Juke", ala tupu bila mwimbaji, ikiongozwa na harmonika (kinanda cha mdomo) ya kijana wa Louisiana, Little Walter. Sahani ilitoka kwa jina la "Little Walter and His Night Cats". Bendi yenye jina hilo haikuwepo. Gitaa humo kalipiga Muddy mwenyewe. Kibao kikakaa namba moja wiki nane kwenye chati ya jarida la Billboard ya R&B (muziki wa Wamarekani weusi), na Walter akahama.

Wapo wanaosema alikurupuka, na hoja yao ina uzito. Kuongoza bendi kunataka subira, naye alikuwa mtu wa pombe na hasira za karibu. Wapigaji wake wa mwanzo walimponyoka, na Februari 1968 akafariki baada ya ugomvi wa mtaani, akiwa na miaka 37. Muddy aliendelea na bendi yake hadi miaka ya themanini.

Lakini sikiliza alichokipata alipohama. Aliichukua The Aces, bendi iliyokuwa ya mpiga harmonika mwenzake, Junior Wells (naye Wells akaenda kwa Muddy, walibadilishana viti, tuseme). Mpiga ngoma wao, Fred Below, alikuwa na mkono wa jazi. Juu ya ngoma hizo nyepesi Walter alifumbata harmonika pamoja na maikrofoni viganjani, akaipitisha kwenye amplifaya mpaka sauti ikanenepa, ikakwaruza kama saksafoni. Kwa Muddy, sauti ile ilikuwa ikijibu uimbaji wa mwingine. Hapa ilisimama mbele.

Kwangu alifanya sawa, hasa kwa kuwa hakuondoka kabisa. Kampuni ya kurekodi ya Chess iliendelea kumwita studio: harmonika ya "Hoochie Coochie Man" ya Muddy, 1954, ni yake. Alichoacha ni jukwaa la mwenzake tu.

Ndiyo maana uamuzi wa Rock and Roll Hall of Fame, taasisi ya Marekani inayowaenzi wanamuziki, mwaka 2008, kumwingiza kwenye kundi la wanamuziki wasindikizaji, naona umempunja. Mwaka 1955 "My Babe" ilimrudisha namba moja kwa jina lake mwenyewe. Muddy hakuwahi kuifikia nafasi hiyo kwenye chati ile.