Waya wa joto kali: bei ya mita moja si hoja ya kwanza

Oveni ya mikate inapofika karakana za Gerezani au Chang'ombe jijini Dar es Salaam ikiwa imeunguza waya kwenye hita, fundi huwa na njia mbili. Anaweza kurudisha waya wa kawaida wenye ganda la plastiki ya PVC, ule wa nyuzijoto 70, unaopatikana katika kila duka la umeme Kariakoo, au akanunua waya wenye ganda la silikoni au la tefloni, ambao bei yake humfanya mwenye oveni aulize mara mbili.

Wanaotetea PVC wana hoja ya haki. Swichi, taa na kidhibiti joto hukaa mbali na moto, na kuvifungia waya wa tefloni ni kutupa fedha. Hata hivyo, nyuzijoto 70 ni kikomo cha shaba yenyewe ikiwa imebeba umeme, wala si joto la hewa. Majedwali ya kimataifa ya ufungaji umeme huanzia hewa ya nyuzijoto 30. Hewa ikifika 50, jambo lisilo geni ndani ya kisanduku cha bati cha swichi hizo mchana wa Februari, waya huo hubaki na asilimia 71 ya uwezo wake wa kubeba mkondo, huku waya ambao kikomo chake ni nyuzijoto 90 ukibaki na 82. Kwenye kisanduku, basi, waya mnene zaidi wa PVC hutosha. Kwenye ncha ya hita unene hauokoi kitu, kwa sababu joto la pale linatoka nje ya waya.

Hapo ndipo silikoni inapostahili bei yake. Huvumilia takriban nyuzijoto 180, hupindika kirahisi, na hata ikiungua huacha majivu ya silika yasiyopitisha umeme. Udhaifu wake ni kuchanika: tundu la bati lisilowekewa mpira wa kinga huikata kwa mtikisiko wa feni tu.

Tefloni hufika 260, haidhuriwi na mafuta, na ganda lake jembamba halirudi nyuma fundi anapochomea lehemu, ndiyo maana inafaa sana kwenye vifaa vya elektroniki. Lakini ikibanwa kwenye ukingo mkali hulegea na kusogea polepole hadi shaba ibaki wazi, na ikipashwa joto kupita kiasi hutoa moshi wenye sumu. Isitoshe, ganda la 260 juu ya shaba iliyopakwa bati (madini ya "tin") ni udanganyifu wa nusu, kwa kuwa mpako wa bati huishia karibu nyuzijoto 150, wa madini ya fedha 200, na wa nikeli ndio unaofika 260. Muuzaji anayejua rangi ya ganda bila kujua mpako wa shaba hajajibu swali.

Kwa joto kubwa zaidi kuna waya uliosukwa kwa nyuzi za kioo, ambao wengi huuona kama jibu la mwisho. Kwa Dar es Salaam nina shaka nao, kwani nyuzi hizo hunyonya unyevu: oveni iliyozimwa wiki nzima wakati wa masika inaweza kuvujisha umeme ikiwashwa, na swichi ya kinga dhidi ya umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, ikakata kabla hita haijakausha waya. Ningeutumia kipande kifupi tu penye moto wenyewe, niuunge kwa koneta ya kauri, kisha niendelee na silikoni hadi kisandukuni.