Kupunguzwa tumbo: kabla ya bei, uliza kiungulia

Mombasa, mtu akitaja kupunguzwa tumbo ili apungue uzito, swali la kwanza huwa bei, na la pili ni Nairobi au India. Ni maswali ya haki. Lakini lililostahili kutangulia ni hili: una kiungulia?

Daktari hufanya kazi kupitia matundu madogo, kwa kamera. Hupitisha bomba mdomoni hadi tumboni liwe kipimo, kisha, kuanzia sentimita 4 hivi kutoka mlango wa utumbo mwembamba, hupiga pini na kukata kupanda juu hadi karibu na umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni. Asilimia 75 hadi 80 ya tumbo hutolewa, kikabaki kifuko chembamba kama mkono wa kanzu. Sehemu iliyoondoka ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, ndiyo maana hamu yenyewe hupungua.

Wembamba huo ndio pia unaoleta shida. Msukumo wa ndani huongezeka na asidi hupanda. Utafiti wa Ufini uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 ulikuta umio uliovimba kwa kuchomwa na asidi kwa asilimia 31 ya waliopunguzwa tumbo, dhidi ya asilimia 7 ya waliofanyiwa baipasi, upasuaji mwingine wa uzito unaofanya chakula kiruke sehemu ya utumbo. Mwenye kiungulia cha kila usiku aingizwe kamera ya umio kwanza. Mara nyingi baipasi itamfaa zaidi.

Wanaoutetea upasuaji huu wana hoja nzito. Mwenye kilo 140 na kisukari, aliyehangaika na lishe kwa miaka, anaweza kufika karibu kilo 105 ndani ya mwaka au miwili, na sukari na presha vikashuka. Utumbo hauguswi, kwa hiyo upungufu wa vitamini huwa mdogo kuliko wa baipasi. Haupotei kabisa: B12, chuma na vitamini D hupimwa maisha yote.

Upande wa pili, tumbo lililokatwa halirudi. Kwa wagonjwa 100, mmoja au wawili hivi huvuja kwenye mshono, hasa juu karibu na umio. Mapigo ya moyo yakizidi 120, homa au maumivu ya bega la kushoto ni dharura, na uvujaji unaweza kujitokeza baada ya wiki nzima, msafiri akiwa ameshashuka uwanja wa ndege wa Moi.

Kisha kuna chakula. Vinywaji vyepesi kwanza, halafu vya kusagwa, vigumu baada ya wiki 6 hadi 8. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku: samaki, mayai, mtindi, mbaazi bila tui zito. Maji kwa mafunda, si pamoja na chakula. Mahamri na mkate hukwama. Sharbati, soda na aiskrimu hupita bila kizuizi, na hapo ndipo kilo hurudi. Ukitapika siku kadhaa mfululizo usingoje: upungufu wa thiamini, yaani vitamini B1, hudhuru ubongo.

Kwa anayekwenda ng'ambo, tungemshauri kabla ya kukata tiketi apate daktari wa hapa aliyekubali kumpokea, na arudi na ripoti ya upasuaji yenye ukubwa wa bomba, aina ya pini na majibu ya kamera.